Pikipiki Iliyokaa

Ubao wa mwisho wa kasha ulipong'olewa, pikipiki ilionekana imekaa.

Hakukuwa na neno jingine. Pikipiki zote ambazo fundi Badibanga alizifungua, akazifunga na kuzilaani kwa miaka ishirini mjini Kindu zilikuwa zimesimama: tumbo juu, miguu mirefu, tayari kuruka mashimo ya barabara ya Kalima na magogo ya barabara ya Punia. Hii ilikuwa imejishusha. Kiti chake hakikufika kiunoni, nacho kilibonyea katikati kama kigoda cha mwenye nyumba. Usukani ulipanuka ukarudi nyuma, mfano wa mtu aliyemwona mgeni wake kwa mbali akafungua mikono. Tangi lilikuwa jekundu, wekundu wa mawese yaliyotulia chunguni. Vikanyagio viliwekwa mbele, pale ambapo mtu aliyeketi kibarazani hunyoosha miguu baada ya kula.

"Mbona imechuchumaa?" aliuliza Franck, mwendesha pikipiki za abiria, ambaye kila chombo kipya kilichoshuka Kindu lazima akikague yeye kwanza. "Ama safari ya kutoka Kalemie imeichosha?"

"Njo mutindo wake," alijibu Waziri, mwenye pikipiki; kwetu "njo" ni "ndio". Alikuwa mfanyabiashara wa mchele, mwili mkubwa na pumzi fupi. "Ni ya kutembea polepole, muntu anaangalia dunia."

"Dunia ya Kindu? Utaimaliza kabla ya saa nne."

Watu wakacheka. Waziri akamgeukia Badibanga. "Fundi, njo weye utaifanyia rodaji. Kilomita mia tano za kwanza, polepole. Miye sina polepole. Jumapili jioni nakuja kuichukua."

Hapo ndipo watu walipocheka kwelikweli, maana Waziri alikwisha zika injini mbili. Rodaji ni kuizoesha injini mpya: kuiendesha taratibu siku zake za kwanza, ili vyuma vijuane kabla ya kutwishwa kazi. Wengi waliona ni upuuzi. Badibanga peke yake aliifanya kama ibada, na watu walimletea vyombo vyao kama wanavyompeleka mtoto kwa bibi mwenye mikono mizuri.

Aliishika usukani akaiinua kwa nguvu zake zote za kila siku, nusura aiangushe upande wa pili. Ilikuwa nyepesi. Alitazamia chuma akakuta kitu kinachokubali. Akasimama kushoto kwake, mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia nyuma ya kiti, bega likainama lenyewe, akaanza kuisukuma kuelekea karakana yake.

"Fundi!" Franck alimwitia nyuma. "Iko na kiti! Umesahau?"

Badibanga aliendelea kusukuma. Hajawahi kupanda chombo kabla ya kutembea nacho kidogo. Hakuujua mwanzo wa desturi hiyo. Au aliujua, na hakupenda kuulizwa.

*

Kwetu baiskeli huitwa kinga, na miaka ile haikumkinga mtu. Vita vilipoingia, treni ikafa, msitu ukazimeza barabara, na Maniema nzima ikawa inatembea kwa baiskeli ambazo hakuna aliyezipanda. Zilisukumwa. Fimbo moja ilifungwa kwenye usukani, nyingine ikasimamishwa nyuma ya kiti; mkono wa kushoto huongoza, wa kulia husukuma, na mwili wote huuegemea mzigo kama mtu anayemsihi ndugu yake mlevi arudi nyumbani. Hata leo ukikutana Kindu na mwanamume ambaye bega lake la kulia limeshuka, huna haja ya kumuuliza alifanya kazi gani wakati ule.

Badibanga, mtoto wa mtu wa reli aliyetoka Kasai, alikuwa na miaka ishirini na mitano. Alisukuma chumvi kutoka Kindu hadi Kampene, kwa wachimba dhahabu, na kurudi na chochote kilicholiwa. Wasukumaji walikuwa na sheria zao, na ya kwanza ilikuwa hii: hakuna kukaa. Walipumzika wakiwa wima, baiskeli imeegemezwa fimbo, paji la uso juu ya gunia. "Anayekaa, hukaa," walisema. Na kweli, kandokando ya njia walikuwapo waliokaa, wengine wameegemea mti, kofia bado kichwani, na hakuna aliyejisumbua kuwaamsha.

Safari moja mkewe alimfuata, kwa kuwa Kindu palikuwa hapakaliki. Albertine alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na mimba ya miezi mitano, na kikapu mgongoni kilichoshikwa na ukanda wa paji la uso. Siku ya nne walifika kwenye kilima ambacho wasukumaji walikiita Twende-Tu, kwa sababu huko hakuna aliyekuwa na pumzi ya kusema jambo jingine. Walipofika juu, mteremko mrefu ulikuwa mbele yao. Albertine akasimama.

"Badi," alisema, maana zama hizo alimwita hivyo, "acha nikae kidogo."

"Unajua sheria."

"Basi shusha gunia moja. Moja tu. Unikalishe pale, mpaka chini. Kisha utarudi kulichukua."

Aliyatazama magunia yake matatu. Aliutazama msitu. Alifikiria watu ambao wangelikuta gunia kabla yake. Akasema, bila ukali, kama mtu anayesoma kilichoandikwa ukutani: "Chumvi haina miguu. Weye uko nayo."

Albertine akatembea. Jioni ile, katika kijiji cha watu wasiowajua, wanawake walimwingiza katika nyumba moja wakafunga mlango, na walipoufungua hapakuwa tena na mimba. Walikwenda kuzika kitu kidogo nyuma ya migomba, wanaume hawakuitwa. Keshokutwa yake wakaendelea na njia. Chumvi ilifika Kampene, kavu, bila kupungua hata konzi moja.

*

Albertine hakumlaumu kamwe. Laiti angemlaumu. Amani ilirudi kwa namna ya amani ya kwetu, wakampata Déborah, binti yao wa pekee, Badibanga akafungua karakana, na pikipiki zikaanza kupita mikononi mwake. Albertine hakupanda hata moja. Sokoni alikwenda kwa miguu, kanisani kwa miguu, hospitali kwa miguu siku ya kujifungua, akisimama kila uchungu ulipomshika na kuendelea ulipomwachia. Majirani walipomuuliza inakuwaje mke wa fundi kula vumbi la waume wa wenzake, alitabasamu.

"Miye niko na miguu," alisema.

Watu walidhani ni mzaha, baadaye wakadhani ni majivuno. Mtu mmoja tu mjini alijua kwamba maneno yale yalikuwa na mwenyewe.

Sasa mguu mmoja ulikuwa unamtoka. Goti la kushoto lilivimba kama nazi tangu mwanzo wa mvua, na asubuhi Badibanga alimsikia akilisemesha kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mkopeshaji. Na Jumapili hiyo mtoto wa kwanza wa Déborah alikuwa anabatizwa kanisani Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba. Kutoka kwao hadi kivukoni ni mwendo wa saa nzima kwa mwenye magoti mawili.

*

Alfajiri ya Jumatatu Badibanga alikaa juu ya pikipiki ya Waziri kwa mara ya kwanza. Nyayo zake zote mbili ziligusa chini, bapa, pasipo kujinyoosha. Akagusa kitufe. Alitazamia kelele, akasikia kama mzee anayecheka kifuani, bila kufungua mdomo. Aliachia klachi, na hakuhisi kwamba ameondoka. Nyumba ndizo zilizoanza kupita.

Alikwenda polepole, kama rodaji inavyotaka. Ukungu ulikuwa haujaachana na mto, na mji ulijitokeza vipandevipande: mama mwenye mzigo wa sombe, majani ya muhogo, kichwani, bila miguu, nusu ya mbuzi, stesheni na nyasi zake kati ya reli, na kichwa cha treni kilichosimama humo kama mnyama aliyeota kwamba anakwenda Lubumbashi akaamua kutoamka. Upepo ulimjia kifuani kwa adabu. Miguu yake ilikuwa mbele, mikono imefunguka, mgongo umelegea. Aliona aibu. Mtu mzima, barabarani, amekaa hivi. Miaka ishirini na zaidi alipanda zile ndefu kama mtu anayepanda ukuta, mwili umekaza, akitazama shimo lijalo. Hajawahi kupanda chombo kinachomwambia pumzika.

Karibu na mto alihisi kuna mtu anatembea ubavuni kwake, upande wa kushoto. Hakushangaa, ndipo mahali pa msukumaji. Alikuwa kijana mwembamba wa miaka ishirini na mitano, shati limeganda kwa chumvi, mkono mmoja kwenye usukani. Kijana akamtazama kwa dharau.

"Umekaa?"

"Nimekaa," alijibu Badibanga, kwa sauti kabisa, na mvuvi mmoja akainua kichwa kutoka kwenye nyavu zake.

Kila siku kijana yule alirudi. Walitembea pamoja kwenye barabara ya uwanja wa ndege, walitembea pamoja mtaani Mikelenge, kilomita zikahesabika kwa taa ndogo ya buluu ndani ya saa ya duara. Hawakusema sana. Lakini Alhamisi Badibanga aligundua jambo. Pikipiki hii ilikuwa na vioo. Za Kindu hazina. Vijana huving'oa wiki ya kwanza, maana wanasema ya nyuma ni ya Mungu. Katika kioo cha kulia aliona njia ikimkimbia, na mbele ya njia, karibu kabisa, kiti kidogo cha nyuma, kitupu.

Akakumbuka kwamba kwenye mteremko wa Twende-Tu hakugeuka. Msukumaji anayeteremka hageuki. Mzigo unamvuta, akigeuka unamlalia. Kwa hiyo hakujua Albertine aliteremka vipi. Alijua jinsi chumvi ilivyoteremka. Kila jiwe alilikumbuka, kila mzizi. Mkewe alifika chini, hilo tu. Alikuwa ameishi na mwanamke yule miaka yote bila kumwona akishuka kilima kile.

Akasimamisha pikipiki. Kijana hakuwapo.

*

Jioni hiyo aliipeleka nyumbani. Albertine alikuwa uani anapepeta mchele, mguu mbaya umenyooshwa juu ya kinu kilicholazwa. Aliitazama pikipiki muda mrefu, ungo umetulia mikononi.

"Baba Déborah, hii inaugua?"

"Haiugui."

"Mbona imekaa?"

"Njo mutindo wake."

"Ah." Akapepeta mara mbili. "Ya nani?"

"Ya Waziri. Nafanya rodaji."

"Waziri atakaa pale? Na zile tako?" Akacheka, naye Badibanga akacheka, na kwa muda mfupi ua wao ulikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Kisha Albertine akajizoa, akachechemea hadi kwenye pikipiki, akaweka kiganja juu ya kiti cha nyuma. Hakukibonyeza. Alikiwekea mkono kama unavyomwekea mtoto wa watu kichwani.

"Na hapa njo nani anakaa?"

"Muntu."

"Muntu gani?"

Hapo ndipo pa kusema. Badibanga aliyaona maneno yamejipanga, mepesi, ya siku zote: Jumapili nikupeleke kivukoni. Lakini chini yao aliona mengine, mazito, yamelala kama magunia matatu, na akajua kwamba ya juu hayatoki kabla ya ya chini kushushwa.

"Muntu yeyote," alisema.

Albertine akauondoa mkono. "Yeyote," alirudia, akarudi kwenye ungo wake. "Basi atapata raha, huyo yeyote."

*

Jumapili Albertine alitoka nyumbani jua likiwa bado changa, kitenge cha harusi kimefungwa vizuri, kikapu cha zawadi mkononi: kuku wawili wa kuchoma, sabuni, na blanketi dogo jeupe alilolishona mwenyewe. Hakuaga. Aligusa goti, akaanza.

Badibanga aliitoa pikipiki akamfuata. Gia ya kwanza, injini inachekea kifuani, akaenda sambamba naye kama mtu anayechunga. Watu waliokuwa wakienda kanisani waliwatazama. Mtaa mzima ulijua kwamba mke wa fundi hapandi. Ulikuwa haujamwona fundi akijaribu.

"Goti lako," alisema.

"Iko kwangu. Nalijua."

"Kivuko ni mbali."

"Miye niko na miguu, Baba Déborah."

Ikamwingia palepale inapoingia siku zote. Safari hii hakuiacha ipite. Akazima injini. Akashuka. Akasimama upande wa kushoto, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ya kiti, bega likajua kazi yake, akasukuma. Albertine alibaki hatua mbili nyuma yake na kikapu. Wakaenda hivyo, tairi zikitafuna changarawe, yeye mbele na mke nyuma, na Badibanga alihisi Kindu ikijikunja taratibu kama mkeka: maduka yakaondoka, stesheni ikaondoka, kukabaki njia nyembamba, miti, na pumzi ya mtu nyuma yake. Walipofika pale barabara inapopinda kuelekea mtoni, akasimama.

Akageuka.

Albertine alikuwa anachechemea kwa namna ambayo hajawahi kuitazama. Aliweka mguu mzuri kwanza, kisha akauvuta mwingine, midomo imebanwa, macho chini akichagua mahali pa kukanyaga. Alimtazama mpaka akafika.

"Nilipaswa kushusha gunia," alisema Badibanga.

"Gunia gani?"

"La chumvi. Kule Twende-Tu."

Albertine aliweka kikapu chini. Mbele yao Lualaba ilikuwa imetanda, pana, rangi ya chai, na mtumbwi mmoja ukiukata mkondo kwa mshazari. Aliutazama mpaka ukafika katikati.

"Yalikuwa matatu," alisema hatimaye. "Niliomba moja."

"Moja."

"Nilihesabu hatua mpaka chini. Mia nane na kumi na mbili. Sijui kwa nini nilihesabu." Akapangusa mdomo kwa ncha ya kitenge. "Alikuwa mwanamume. Hukuniuliza."

Badibanga alitaka kusema kwamba hakujua kama inaruhusiwa kuuliza. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa kweli ndogo mno. Mkono wake ulibaki nyuma ya kiti, pale pa kusukumia.

Albertine akautazama mkono ule. Akautazama usukani uliofungua mikono, kiti kilichobonyea.

"Kaa," alisema.

"Njo weye nataka ukae."

"Nimesikia. Kaa weye kwanza."

Badibanga akapanda. Nyayo zake ziligusa chini, bapa. Aliinua mkono kuelekea kitufe, lakini Albertine akakichukua kikapu, akamwekea mapajani, na mikono ya mumewe yote miwili ikaja kushika kikapu na usukani, haikubaki na nafasi. Kisha akamsikia anazunguka nyuma. Alihisi viganja viwili vikishika chuma nyuma ya kiti. Pikipiki ikasogea.

Alikuwa anamsukuma.

Haikupita dakika kabla Franck hajatokea na abiria mgongoni, akafunga breki mpaka vumbi likawazidi. "Mama Déborah! Fundi ameishiwa mafuta?"

"Mafuta iko," alijibu Albertine, pumzi zikimkata. "Fundi ameishiwa miguu."

Franck akacheka mpaka abiria wake akamshika shingo asianguke. Watu wakasimama. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele cha utani. Badibanga alikaa katikati ya yote, kuku wa kuchoma mapajani, jasho linamtiririka ambalo si la kazi. Alihisi kila msukumo ukimpanda uti wa mgongo. Alihisi mguu mzuri na mguu mbaya, nguvu na kukatika kwake, nguvu na kukatika. Akajaribu kujifanya mwepesi. Mtu hawezi kujifanya mwepesi. Katika kioo aliuona uso wa mkewe, mkubwa, karibu, umelowa, haumtazami yeye, unatazama njia. Akawa anahesabu. Midomo yake iliinuka na kushuka.

Hakumwambia aache. Hilo ndilo lililomgharimu zaidi, na ndilo pekee alilokuwa nalo la kutoa.

Walipofika kwenye kituta mwisho wa tambarare, pale mteremko wenyewe unapoanza, Albertine akasimama. Kicheko kilikuwa kimeisha. Watu, bila kuambiwa, walikuwa wamerudi kwenye mambo yao. Badibanga alishika breki. Chini, kengele ya kanisa la Alunguli ilikuja juu ya maji, imechelewa kama sauti ya mtu anayeita kutoka ndotoni.

Alisikia kitenge kikikusanywa. Springi za nyuma zikashuka polepole, kama mtu anayevuta pumzi na kuishikilia. Uzito ukatulia upande mmoja, kama wanavyokaa wanawake wa kwetu, na mkono ukaja kumshika begani, bega la kulia, lile lililoshuka.

Kidole gumba cha Badibanga kikatafuta kitufe.

"Usiwashe kwanza, Badi," alisema Albertine.

Badibanga akaachia breki. Pikipiki ikaanza kuteremka yenyewe, bila sauti, na mto ukapanda taratibu kuja kuwalaki.